Tambi kwa kamba jioni ya siku ya kazi: saumu, nazi au nyanya?

Kamba aliyemenywa, wa unene wa kidole, anaiva kwa dakika tatu. Tambi zinataka dakika nane hadi kumi. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyeingia nyumbani saa moja na nusu usiku, foleni imemchosha, angeweza kuwa mezani saa mbili kasorobo au saa mbili kamili. Wengi wetu tunavuka hapo kwa mbali, na chakula kikifika mezani kamba ameshakuwa mgumu na tambi zimeshikana. Chakula hiki kina maamuzi manne ndani yake: kamba yupi, tambi zipi, rojo lipi, na nini kitangulie jikoni. Moja likienda kombo, mengine yanasubiri, na kamba hapendi kusubirishwa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usome ukiujua: mtazame kwanza kamba uliye naye, ndipo uchague rojo. Walio wengi wanafanya kinyume. Wanaamua asubuhi kwamba leo ni ya nazi, halafu jioni wanatumbukiza kamba yeyote aliyepatikana. Kamba aliyevuliwa alfajiri na kamba aliyekaa miezi kwenye barafu hawapikwi sawa, na kila rojo lina kamba wake.

Kamba wa feri au kamba wa pakiti

Kwa ladha peke yake, hakuna pakiti inayomfikia kamba mbichi wa pwani. Wengi wanaoshushwa Feri, soko la samaki la Magogoni, Dar es Salaam, wametoka kwenye maji ya mikoko: Bagamoyo, Mafia na hasa delta ya Rufiji. Upande wa Kenya uvuvi mkubwa uko ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Mto Tana unakoingia baharini. Maji hayo ya mchanganyiko, mto na bahari, pamoja na tope la mikoko, ndiyo malezi yao. Sokoni utawakuta wale weupe wa ukubwa wa kati na wale wenye milia, wakubwa, ambao bei yao huwa juu zaidi. Kwa tambi, wale weupe wa kati wanatosha kabisa. Wenye milia waache kwa siku ya kuchoma.

Shida ya kamba mbichi ni saa. Anayetoka kazini jioni anakutana na kamba waliokaa kwenye beseni tangu asubuhi, na kamba huanza kuharibikia kichwani. Viungo vyake vya kusagia chakula viko humo. Akishakufa, vimeng'enya vile vile vinageuka kuila nyama yake, ndiyo maana sehemu iliyo jirani na kichwa hulegea kabla ya mkia. Kwa hiyo mkague hapo hapo: mbonyeze pale kichwa kinapoungana na mwili. Kichwa kikiwa kimeshika, ganda linang'aa na harufu ni ya bahari tu, chukua. Kichwa kikining'inia, au ukiona weusi unaotambaa kwenye maungio ya ganda, ujue saa nyingi zimepita au barafu ilikosekana. Weusi wenyewe si sumu, ila unakupa habari. Na ile harufu inayochoma pua, ya amonia, haina mjadala. Muuzaji atakuapia, "Dada, hawa wa leo leo, wametoka majini sasa hivi." Mwitikie kwa upole, kisha songa kwenye meza ya pili.

Pakiti ya kugandishwa inakupa kitu kimoja kikubwa: kamba amemenywa, na utumbo wake mweusi wa mgongoni mara nyingi umeshatolewa. Kumenya nusu kilo kunaweza kukumalizia robo saa nzima, na hiyo robo saa ndiyo hasa unayoikosa jioni. Lakini isome pakiti kabla hujalipa. Namba kama 16/20 au 31/40 ni idadi ya kamba katika ratili moja, yaani gramu 450 hivi. Namba ikipanda, kamba anapungua ukubwa. Kwa tambi, 31/40 ni saizi nzuri: anatosha kutafunwa mara mbili, na anaiva haraka bila kukausha kingo. Angalia pia orodha ya viambato. Ukiona E451 au neno fosfeti, kamba ameloweshwa ashike maji. Kikaangoni atayaachia, na utajikuta unachemsha badala ya kukaanga. Mwenye pumu aangalie salfaiti, mfano E223, inayotumika kuzuia ule weusi wa ganda, kwa sababu inaweza kumsumbua.

Kuhusu bei, watu wengi wanalinganisha kilo na kilo, wanakosea. Kilo ya kamba wazima, ukiondoa vichwa na maganda, inakuachia nyama ya nusu kilo hivi. Basi ukitaka kuilinganisha bei ya Feri na ya pakiti ya waliomenywa, izidishe ya Feri kwa mbili kwanza. Na pakiti nayo ina lake: kamba wa kugandishwa huvikwa utando wa barafu ili asikauke, na utando huo unaweza kuwa sehemu ya kumi ya uzito au kupita hapo. Tafuta palipoandikwa uzito bila barafu.

Wapo pia wale wa pakiti waliokwisha kuchemshwa, wamekuja na rangi yao ya waridi tayari. Kwa chakula hiki waache. Wameshaiva mara moja. Ukiwarudisha motoni unawaua mara ya pili.

Njia ninayoipenda zaidi kwa mwenye friza nyumbani ni ya katikati. Nunua kamba wazima Jumamosi asubuhi, wamenye siku hiyo hiyo, watoe utumbo, wakaushe kwa kitambaa, uwagawe kwenye mifuko ya gramu 400, hewa ukiikamua, ugandishe. Vichwa na maganda viweke mfuko wake. Hapo siku za kazi unakuwa na urahisi wa pakiti na ladha ya Feri, na ule mfuko wa vichwa utakuja kuona kazi yake kwenye nazi. Ndani ya mwezi mmoja wawe wameliwa.

Aliye Ulaya au Marekani hana Feri, na kwenye friza za dukani kamba anayemkuta mara nyingi ni vannamei wa kufugwa, kutoka Ekwado, India au Vietnam. Ni mtamu kidogo, mpole, hana ile ladha nzito ya mikoko. Huyo anahitaji msaada wa viungo, na nitamrudia.

Kuyeyusha: weka mfuko, ukiwa umefungwa, kwenye bakuli la maji baridi ya bomba. Robo saa hadi dakika ishirini inatosha kwa gramu 400. Maji ya moto yanaanza kuwapika nje huku ndani ni barafu. Wakishayeyuka wakaushe, kisha wanyunyizie chumvi kidogo na robo ya kijiko cha chai cha baking soda, changanya, waache dakika kumi na tano huku maji ya tambi yanachemka. Baking soda inapunguza ule mkazo wa nyama kwenye moto. Kamba anabaki ananesa, na ukichelewa nusu dakika kumtoa anakusamehe. Kwa kamba wa friza, hatua hii naiona ya lazima. Kwa mbichi wa asubuhi haina haja.

Tambi zipi

Hapa sitakaa sana. Dukani kuna tambi nene za spageti, kuna zile nyembamba kama nywele tunazopikia tambi za sukari na iliki, na kuna makaroni na wenzake wafupi.

Zile nyembamba zinadanganya. Zinaiva dakika mbili au tatu, kwa hiyo mtu anadhani ndizo za haraka. Lakini zikiingia kwenye rojo zinaendelea kunywa, na ukichelewa kupakua una uji wenye kamba. Kwa nazi ndiyo kabisa: zitalifyonza tui lote kabla hujaita watu mezani. Ziache kwa futari, huko hazina mpinzani.

Spageti ndiyo chaguo la kawaida, na kwa saumu ndiyo chaguo pekee, kwa sababu rojo la mafuta linahitaji kitu kirefu cha kujizungushia. Makaroni au penne yanachukua dakika kumi hadi kumi na tatu, ila yana matundu ya kubeba rojo la nyanya, na mtoto wa miaka mitano anayamudu kwa kijiko bila kumwaga shati zima. Kwa nazi, yote mawili yanakubali.

Kuliko umbo, angalia ngano. Pakiti iliyoandikwa durum, au semolina ya durum, imetengenezwa na ngano ngumu: tambi zinabaki na kiini na hazivunjiki. Zile za bei ya chini kabisa, za ngano laini ya mkate, zinalegea ghafla na kuyafanya maji yawe mazito mno. Tofauti ya bei kati yake mara nyingi ni ndogo kuliko ile unayoweza kuipoteza kwa kuharibu kamba wa bei kali.

Gramu 100 kwa mtu mzima, lita moja ya maji kwa kila gramu 100, na kijiko cha chai kilichojaa cha chumvi kwa kila lita. Maji ndiyo yatangulie jikoni, kabla hujavua hata viatu. Sufuria ya lita nne inachukua muda kuchemka kwenye jiko la gesi la kawaida, na ucheleweshaji mkubwa wa chakula hiki uko hapo. Ukiwa na birika la umeme, chemshia humo nusu ya maji. Tambi zitoe dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, na kabla hujamwaga maji chota kikombe kimoja ukiweke pembeni. Kikombe hicho kina wanga, na kwa rojo la saumu kinafanya kazi kuliko kiungo chochote.

Saumu na mafuta: dakika ishirini, kwa kamba asiye na aibu

Njia hii ni ya Waitalia, na pwani yetu iliingia kwa mlango unaojulikana. Waitalia walifika Ngomeni, kaskazini ya Malindi, miaka ya 1960 na mradi wao wa San Marco. Kutoka jukwaa lao la baharini walirusha setilaiti kuanzia mwaka 1967. Maji yale yale ya Ungwana ndiyo ya kamba. Mji wa Malindi ukaja kujaa wakazi na wageni wa Kiitalia, na tambi kwa kamba ikawa chakula cha kawaida cha mikahawa ya pale.

Kwa watu wanne: gramu 400 za kamba waliomenywa, punje sita za kitunguu saumu zilizokatwa vipande vyembamba, vijiko vinne vya chakula vya mafuta (ya zeituni ukiwa nayo, ya alizeti yanafaa), kijiko kimoja cha siagi, nusu ya pilipili, ndimu moja, na fungu dogo la kotmiri.

Kamba wakaushe hasa, kwa kitambaa au karatasi ya jikoni. Wakiingia na maji wanatoa mvuke, hawapati ule wekundu wa kukaangwa. Kikaango kiwe cha moto kabla ya mafuta, mafuta yawe ya moto kabla ya kamba, na kamba walale kila mmoja na nafasi yake. Hapo simama, usishike simu. Ndani ya sekunde chache ule ukijivu unaopitisha mwanga unaanza kugeuka kuanzia chini, waridi linapanda ubavuni, na mkia unajikunja. Rangi hiyo ilikuwamo ndani yake tangu mwanzo, imeshikwa na protini, joto linaifungua. Waridi likifika nusu ya unene, geuza. Akijikunja kama herufi C, ameiva. Akijifunga hadi akawa O, umepita. Dakika mbili upande wa kwanza, moja upande wa pili, kisha watoe wote kwenye sahani, hata kama unahisi bado kidogo. Watamalizikia humo.

Punguza moto, tia saumu na pilipili kwenye mafuta yale yale. Dakika moja, inukie na ibaki nyeupe. Ikiwa kahawia inakuwa chungu na hakuna kiungo cha kuirudisha. Tia tambi, nusu ya kile kikombe cha maji, na siagi, ongeza moto, halafu tikisa na kugeuza mpaka maji na mafuta vishikane viwe rojo moja linalong'aa na kuzipaka tambi. Ukiona mafuta yamejitenga chini, ongeza maji kidogo, tikisa tena. Rudisha kamba na majimaji yao, zima moto, kamulia ndimu, nyunyiza kotmiri. Chizi usitie. Waitalia wenyewe kwa desturi hawaiweki kwenye vitu vya baharini, na nakubaliana nao: chumvi na mafuta yake vinamzima kamba.

Uzuri wa njia hii ni kasi na usafi wa ladha. Ubaya wake ni huo huo: haifichi kitu. Kamba aliyechoka atajitangaza kwenye tonge la kwanza. Kwa hiyo ni ya kamba mbichi wa siku hiyo, au wale uliowagandisha mwenyewe. Na kuna jambo la mazoea ya kula. Nyumba iliyozoea mchuzi itaona chakula hiki ni kikavu. Mzee wa nyumbani anaweza kuuliza kwa heshima zote mchuzi uko wapi. Kwa nyumba hiyo endelea kusoma.

Nazi: polepole kidogo, lakini ndiyo inayomtunza kamba

Hili ndilo rojo ninalolipika mara nyingi, na sababu yangu ya kwanza ni ya kiufundi. Kwenye kikaango kamba anakutana na mafuta ya moto mkali, na kati ya kuiva na kuharibika kuna sekunde thelathini. Kwenye tui linalotokota taratibu joto ni la chini, anaiva kwa upole dakika tatu hadi nne, na hata mpishi mgeni anapata nafasi ya kumwona akigeuka. Ukiwa unajifunza kupika kamba, jifunzie kwenye nazi.

Kwa watu wanne: kitunguu maji kimoja, punje nne za saumu, kipande cha tangawizi, nyanya moja iliyoiva, nusu kijiko cha chai cha manjano, pilipili manga, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, na nazi moja kubwa au pakiti ya tui ya mililita 400.

Nazi yenyewe ina chaguo lake. Ukiikuna na kuikamua mwenyewe unapata tui zito na tui jepesi, mawili yenye kazi tofauti, lakini umejiongezea dakika ishirini na vyombo vya kuosha. Tui la pakiti linakuokoa hapo. Chagua lenye nazi na maji bila orodha ndefu. Likiwa na vishikizi, yaani viambato vya kulizuia lisijitenge, halikatiki hata ukilichemsha, ila lina utelezi fulani mdomoni. Unga wa tui unafaa ukikorogwa mzito kuliko pakiti inavyosema. Kwa jioni ya siku ya kazi natumia pakiti bila wasiwasi wowote. Kwa Ijumaa au mgeni, nakuna.

Kabla ya yote, ule mfuko wa vichwa na maganda. Vitie kwenye sufuria na kijiko cha mafuta, moto wa kati, vikaange huku ukiviponda kwa mwiko. Mafuta yatageuka rangi ya chungwa na jikoni patanukia pwani nzima. Mimina tui jepesi, au robo ya tui la pakiti ukiliongeza maji vikombe viwili, acha litokote dakika kumi, chuja. Maji hayo ndiyo yanayotofautisha rojo la nazi lenye kamba ndani na rojo la nazi lenye ladha ya kamba. Kwa yule vannamei mpole wa ughaibuni hatua hii ina maana zaidi. Kama amekuja bila kichwa, nunua hata pakiti ndogo ya wenye maganda kwa ajili hiyo.

Kaanga kitunguu kilegee bila kugeuka rangi, tia saumu na tangawizi, manjano, kisha nyanya mpaka ipondeke. Mimina yale maji uliyochuja, weka pilipili mbuzi nzima juu inukie bila kuwasha, acha lipungue dakika tano. Sasa tui zito, au lile la pakiti lililobaki. Kuanzia hapa moto uwe mdogo na mwiko usitoke sufuriani. Tui likichemshwa kwa fujo linakatika: mafuta yanapanda juu, chini kunabaki chengachenga. Kwenye samaki wa kupaka mafuta hayo juu si tatizo, lakini kwenye tambi yanateremka yote chini ya sahani na tambi zinabaki zimeoshwa. Likianza kutokota pembeni tu, tia kamba. Wakijikunja C, tia tambi, zima, kamulia ndimu.

Rojo liwe jepesi kuliko unavyotaka kulila. Tambi zitakunywa sehemu yake kati ya jiko na meza. Na chumvi ya rojo pima mwisho, kwa sababu tambi zimekuja na yao.

Kamba wa nazi anaweza kuwa wa Feri au wa friza, vyote vinapokelewa. Mdogo sana pia anafaa hapa, yule ambaye kwenye kikaango cha saumu angekauka kabla hujageuza. Gharama iko juu kidogo kwa sababu ya nazi, na muda ni dakika thelathini na tano kwa tui la pakiti ukiwa na vichwa vya kukaanga, ishirini na tano bila hivyo.

Nyanya: ya bei nafuu na ya watu wengi

Wasomali walijifunza tambi kwa Waitalia waliotawala kusini mwa nchi yao, wakazifanya zao. Baasto, yaani tambi, yenye suugo (rojo) ya nyanya na mchanganyiko wa viungo wa xawaash, na ndizi mbivu kando ya sahani, utaikuta Eastleigh, Nairobi, kila siku ya juma. Mara nyingi suugo hupikwa na nyama, na samaki wa jodari pia huingia. Kwa kamba, somo ninalolichukua kwao ni bizari ya pilau na iliki kidogo ndani ya nyanya. Vinaipa rojo uzito ambao nyanya na saumu peke yake havina.

Kaanga kitunguu mpaka kianze kuwa kahawia, hapa rangi inatakiwa. Tia saumu, nusu kijiko cha chai cha bizari ya pilau, punje mbili za iliki, kijiko cha nyanya ya kopo, ikaange mpaka ibadilike rangi, ndipo nyanya nne au tano zilizosagwa. Acha lichemke dakika kumi na tano hadi ishirini, litengane na mafuta. Likichachuka, sukari ya ncha ya kijiko. Kamba waingie dakika tatu za mwisho. Kosa ninaloliona kwenye nyumba nyingi ni kuwatia kamba pamoja na nyanya mwanzoni, "wakolee". Kamba hakolei kwa kuchemshwa; anakakamaa tu, na ladha aliyoitoa inabaki kwenye rojo huku yeye akiwa hana kitu.

Faida kubwa ni kwamba rojo hili linaweza kupikwa jana, au Jumapili kwa ajili ya wiki nzima. Jioni unalipasha, tambi zikiiva unatia kamba, umemaliza. Linapokea kamba wa pakiti wa kawaida kabisa, hata yule mwenye fosfeti, kwa sababu maji anayoyaachia yanapotelea kwenye nyanya. Na gramu 250 za kamba zinaweza kulisha watu wanne bila mtu kujisikia amepunjwa, jambo ambalo kwenye saumu halifichiki.

Krimu nimeiacha kwa makusudi. Inapendwa hotelini, lakini kwa bei yake nyumbani sioni inachofanya ambacho tui halifanyi vizuri zaidi kwa kamba wa huku.

Ukiviweka bega kwa bega

Una kamba wa asubuhi hii na njaa ya sasa hivi: saumu, wala usifikirie mara mbili. Una kamba wa pakiti na watoto watatu: nyanya na makaroni, pilipili uiweke mezani. Una mgeni, au mzazi aliyezoea mchuzi wake: nazi. Mfuko umepungua: nyanya tena. Umebaki na kikaango kimoja na hutaki kuosha vyombo vingi: saumu. Unaogopa kuwakausha kamba: nazi. Na kwa mgeni usiyemzoea, uliza kwanza kama kamba wanamdhuru, maana mzio wa vitu vya baharini vyenye maganda ya aina hii ni wa kawaida na unaweza kuwa mkali.

Bado kuna swali la kiporo, na hapo mpangilio unageuka. Ya saumu iishe usiku huo huo. Kesho yake tambi zimekauka na kamba wakipashwa wanakuwa wagumu. Ya nazi iingie friji mara ikipoa, ndani ya saa mbili, kwa sababu tui huchacha upesi kwenye joto letu, na iliwe kesho yake mchana, ikipashwa kwa moto mdogo na maji kidogo. Ya nyanya ndiyo inayovumilia: siku mbili kwenye friji, na siku ya pili viungo vimeingia zaidi. Ukijua mapema kuwa kutakuwa na kiporo, watoe kamba wa kesho kabla hawajaingia sufuriani, wabaki wabichi kwenye friji, uwapike zile dakika tatu wakati unapasha rojo.